Sisi Wenye Koza

Ugonjwa wetu ulitoka wapi, hata leo hakuna anayejua. Lakini jina lake ninajua lilitoka wapi, kwa sababu nilikuwepo lilipozaliwa. Nilijaribu kulizuia nikashindwa.

Ilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya huko Keshero, sentre, kama tunavyosema. Tulikuwa tumebanana kwenye benchi la mbao, wagonjwa wa kila namna, na kati yetu kulikuwa na wale waliotokewa na vitu kwenye ngozi. Viduara. Vinaanza vyekundu, halafu vinageuka rangi ya biringanya. Mimi vilinianzia kwenye mukono wa kushoto vikapanda mpaka shingoni. Haviumi. Vinawasha tu, tena havina adabu: ukiwa na kazi vinanyamaza, ukipiga magoti kusali vinaamka.

Muganga wa sentre ni mutu mwema mwenye haraka. Alitupa pomadi, haikusaidia kitu. Alitupa vidonge, navyo ni hivyo hivyo. Akapeleka habari kwa wakubwa wake, nao wakaahidi kutuma watu wa utafiti kutoka Kinshasa. Asubuhi hiyo alitoka ndani akasimama mbele yetu, na mama mmoja anayeuza sambaza kavu, vidagaa vya ziwa letu, kwenye soko la Virunga akamuuliza lile lililokuwa mioyoni mwetu wote.

"Dokta, hii ugonjwa yetu inaitwaka namna gani?"

Muganga akajibu kwa Kifaransa, jinsi wanavyofanya wasomi wetu wakikosa jibu: "Koz a reshershe."

Mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na Kifaransa nimekiandika ubaoni mpaka chaki ikaniachia kikohozi. Nilielewa papo hapo. Alitaka kusema chanzo bado kinatafutwa. Yaani hatujui, mama, rudi nyumbani. Lakini yule mama wa sambaza alitugeukia, uso umetulia kabisa, akatangaza:

"Inaitwa Koza."

"Koza nani?" akauliza muzee mmoja aliyekuwa shofere wa malori zamani.

"Koza Reshershe. Iko na jina mbili."

Nikasimama. Siwezi kuvumilia kosa la Kifaransa, hata nikiwa mugonjwa. "Hapana, mama, hiyo si jina. Dokta anasema kwamba..."

"Madamu, ikala," akanikata. "Dokta amekwisha sema."

Muganga alikuwa amekwisha kurudi ndani. Nikakaa. Benchi lote lilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa wagonjwa. Mutu asiye na jina la ugonjwa wake hawezi hata kulalamika vizuri. Jirani akimuuliza una nini, afanye nini, aonyeshe mukono tu? Sasa tulikuwa na kitu cha kusema, tena chenye majina mawili kama mutu aliyebatizwa. Muzee shofere aliondoka pale akilijaribu jina mudomoni njia nzima.

Kufika Jumapili, Koza ilikuwa kanisani, kwenye maombi ya waumini. Tukaombewa sisi wenye Koza, na watu wakageuza vichwa kutafuta ni nani. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Nikawapungia mukono ili wasisumbuke.

Ningeliacha jina hilo liende zake kama lisingekuwa na ubaya wake. Lakini Koza, ukiitamka haraka, na sisi Goma hatutamki kitu polepole, inasikika kuoza. Basi watu wakaanza kuelezana kwamba nyama ya mutu inaoza kutoka ndani, na vile viduara ni madirisha tu. Nani amesema? Hakuna aliyesema. Jina lenyewe limesema. Jirani yangu, aliyekuwa akinipa mukono kila asubuhi, alianza kunisalimia kwa nyusi.

Hayo yote ningeyacheka. Mimi ni mutu wa hasira, lakini hasira yangu huisha mapema. Kilichonikata maini ni kwamba wakati huo huo binti yangu alizaa.

Ni mutoto wangu wa pekee, na huyo alikuwa mutoto wake wa kwanza. Musichana. Kwetu sisi watu wa Rutshuru, mama wa mzazi ndiye anayemwogesha mutoto siku za mwanzo. Anampashia maji, anamkanda miguu na mikono kwa mafuta, anamfunga mugongoni na kuzunguka naye uani ili mama yake apate usingizi. Marehemu mama yangu alinifanyia hivyo, na nilikuwa nikingoja zamu yangu tangu binti yangu alipoolewa. Nilikuwa nimenunua beseni. Nilikuwa nimenunua kitenge kipya, nikakifua na kukifua tena ili kilainike, kisimkwaruze. Nilimtaka mutoto huyo mugongoni kwangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilitaka kusikia uzito wake.

Sasa binti yangu anaishi Katindo, kwa mama wa mume wake, na mama huyo lazima nimweleze vizuri. Ni mufanyabiashara wa vitenge, mutu wa Butembo, mukatoliki wa rozari asubuhi na rozari jioni. Hana kelele. Anapenda usafi kupita kiasi: hata sufuria zake zinaonekana zimeenda kuungama. Na wakati wote anavaa mikono mirefu, jua liwake lisiwake, na kitambaa kimezungushwa shingoni. Nilikuwa nikijiambia moyoni kwamba ni maringo tu ya watu wenye duka.

Nilipofika na beseni langu kichwani, alinipokea barazani.

"Karibu sana, mukwe wangu. Ikala hapa."

Hapa palikuwa kiti cha plastiki kilichowekwa mwisho kabisa wa baraza, karibu na chungu cha maua, mbali na mulango. Nikatazama kiti, nikamtazama yeye.

"Mukwe, usikasirike," akasema. "Banasema uko na Koza. Tungojee kwanza bale batu ba reshershe bafike. Bakisema ni sawa, mutoto ni wako, utamubeba mpaka uchoke."

"Koza si neno!" nikasema. "Ni Kifaransa kilichovunjika!"

Akanitazama mikono, taratibu, kwa huruma. "Kama si neno, mbona iko kwako hapo?"

Eh, Mungu wangu! Na aliyasema yote hayo akinimiminia chai ya maziwa, yenye tangawizi, moto vizuri, kwenye kikombe ambacho baadaye nilikuja kujua kilikuwa changu peke yangu. Mutu akikutukana unajua pa kuanzia. Akikunyima mujukuu huku anakuongeza sukari, unabaki na kijiko mukononi.

Binti yangu alitoka akasimama mulangoni na mutoto. Alimgeuza huku na huku ili nimwone. Nikaona sikio, nikaona unyayo mumoja uliotoka kwenye shuka. Binti alikuwa na machozi, lakini mama wa mume ni mama wa mume, na nyumba ni yake. Nilimwambia asilie, maziwa yatapungua. Halafu nikarudi Keshero bila beseni, na nililia njia nzima. Watu wa njiani wakadhani nimefiwa.

Basi ikawa hivyo. Kila nilipokwenda nilikaa kwenye kile kiti, ambacho vijana wa nyumba walikwisha kukiita kiti cha Koza, nikanywa chai, nikamwona mujukuu wangu kwa mbali. Wakati mwingine alilia, na mukwe akamchukua kwa binti yangu, akamweka begani na kumpigapiga mugongo mpaka akanyamaza. Nilikuwa nikiangalia mikono ile ya mwanamuke mwingine, mirefu, imefunikwa mpaka kwenye vidole, na wivu ulinichoma kuliko viduara.

Kila kitu sasa kilikuwa kwa hao watu wa reshershe. Nao hawafiki! Zamani mutu kutoka Kinshasa alipanda ndege asubuhi, akala mchana hapa kwetu. Siku hizi uwanja umefungwa, ndege hazitui, kwa hiyo ekipi nzima, kundi lao lote, ilibidi izungukie nchi za watu na kuvuka mpaka kwa miguu pamoja na masanduku yake. Mara wamefika mahali fulani, mara karatasi haijatoka, mara sanduku la baridi limebaki nyuma. Muganga alitupa habari hizo kila tulipomuuliza, na kila mara alimalizia kwa neno moja: pasiansi, yaani subira.

Ila alituletea na amri kutoka kwao. Tusipake kitu. Si pomadi, si majani, si maji ya chumvi, hata mafuta ya kawaida hapana. Wanataka kuuona ugonjwa kama ulivyo.

Sikiliza, ukitaka kumwadhibu mutu wa Goma, mwambie asipake mafuta. Hapa hakuna anayetoka nje bila kung'aa. Hata mwenye shati lililochanika, miguu yake itakuwa imepakwa. Sisi sasa, na baridi ya asubuhi na lile vumbi jeusi la volkano, tukawa kama watu waliotoka kusaga unga. Kwenye benchi tulitambuana kwa mbali. Mama wa sambaza alisema haoni aibu kwa Koza, anaona aibu kwa magoti.

Tulizoea kukutana pale, kusikia kama kuna habari, na mazungumzo yalikuwa ni chanzo, chanzo tu. Muzee shofere alikuwa na hakika ni samaki.

"Samaki gani?" mama wa sambaza akaruka. "Batu banakula sambaza tangu dunia ianze!"

"Siseme sambaza yako, mama. Ninasema bale bakubwa ba Vitshumbi. Nimebabeba kwa lori mwaka kwa mwaka. Harufu yao iliingia mpaka ndani ya damu."

"Basi mbona Madamu iko nayo? Yeye amepanda lori yako siku gani?"

"Pengine alikula."

"Mimi nilikula," nikasema, "na wewe ulikula, na muganga alikula, na yeye hana kitu."

Mama wa sambaza akasema ni volkano, maji ya mvua yanapita kwenye majivu ya hewani ndipo yanapoingia kwenye birika zetu. Mimi nikasema labda ni pomadi za kung'arisha ngozi zinazouzwa Birere. Wote wawili wakageuka ghafla kutazama upande wa ziwa. Nikaelewa kwamba nimegusa mahali, nikaacha.

Halafu jambo likatokea ambalo hatukulitegemea. Asubuhi moja muzee shofere alinijia mbio, shati ameliinua, tumbo nje.

"Madamu! Koza yangu inapotea!"

Alisema kama mutu aliyeibiwa. Nikatazama. Kweli, viduara vya tumboni vilikuwa vimefifia, vingine vimebaki kivuli tu. Mama wa sambaza akachungulia kwapa lake, akapiga ukelele. Na yeye pia. Nikakunja mukono wangu kwenye jua. Vilikuwa vinakwenda.

Mugonjwa mwenye akili angemshukuru Mungu. Sisi tulikaa kwenye benchi kama wafiwa. Ekipi ikifika na kukuta ngozi safi itasema nini? Itasema tulidanganya. Itafunga masanduku na kurudi.

"Hakuna kuoga," mama wa sambaza akaamua. "Maji njo inaziondoa."

"Mama, tutanuka."

"Batakuja kuangalia, habatakuja kunusa."

Muzee alitii mara moja, tena kwa roho safi. Baada ya siku chache tulimwomba akae mwisho wa benchi, upande ambao upepo unaelekea.

Mimi nilioga, ila nilizunguka viduara. Nacheka nikiandika haya, lakini wakati ule sikucheka. Kwanza nilikuwa nimejaribu njia nyingine. Nilikwenda Katindo, mikono nimeikunja mpaka mabegani, nikasimama jua kali mbele ya baraza na kumwambia mukwe aangalie mwenyewe, vimekwisha, anipe mutoto. Aliangalia kutoka mahali alipokuwa, akatikisa kichwa.

"Imejificha," akasema. "Kitu ya kuoza inaanzaka ndani."

Nilipanda na kushuka, nikapiga mikono, nikamfundisha Kifaransa pale pale barazani, koz ni nini, reshershe ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema tungojee ekipi, na akaniongeza chai.

Basi ikawa kwamba bila viduara sitaonwa, na bila kuonwa sitasafishwa maisha yangu yote. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, nikaviambia vile vilivyobaki shingoni: bakieni. Bakieni kidogo. Usiku nilisali, mimi mwenye akili zangu, mwalimu wa dini ya watoto kila Jumamosi: Bwana, usiniponye sasa.

Walifika wakati mimi nilikuwa nimebaki na vitano au sita hivi, nikivichunga. Kiongozi wao alikuwa daktari kijana, musichana wa Kinshasa, nywele amesuka vizuri, viatu vyeupe ambavyo udongo wetu ulivimaliza kabla hajafika mulangoni. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa ajili yetu, na nilimpenda kwa hilo. Akatukusanya, akakaa naye kwenye benchi, si kwenye kiti, akafungua kazi yake.

"Ba mama, ba papa, ninyi wenyewe munawaza koz ya huu ugonjwa ni nini?"

Loo! Benchi zima likainuka. Mikono ikakunjwa, sketi zikapanda magotini, muzee akavuta shati mpaka kidevuni.

"Koza njo hii!"

"Ndiyo, naona ugonjwa," akasema daktari. "Lakini koz ya ugonjwa?"

"Koza! Njo hii, dokta! Angalia na huku mugongoni!"

"Hapana, pole pole. Ugonjwa ni hii. Sawa? Na koz?"

"Koza Reshershe," mama wa sambaza akamsaidia, akitamka sana, kama mutu anayemfundisha mugeni. "Ni jina yake. Dokta ya hapa njo aliipa."

Daktari akamgeukia muganga wa sentre. Muganga alikuwa akitazama mabati. Mimi nilianza kucheka, na nikianza siwezi kujizuia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka na mutu mmoja akaniletea maji. Nilipopata pumzi nikamweleza yule binti kila kitu, kuanzia benchi mpaka kanisani. Alijifunika mudomo kwa mukono.

"Kwa hiyo," akasema, "ugonjwa munauita kwa jina la kitu sisi tunatafuta."

"Kama munatafuta Koza," akasema mama wa sambaza, "basi kazi imekwisha. Mumeipata."

Ilipofika zamu yangu nyuma ya pazia, sikucheka tena. Daktari aliangalia shingo yangu, akakata kipande kidogo sana cha ngozi, akabandika plasta. Nikamuuliza swali langu. Nilikuwa nimelitayarisha kwa Kifaransa safi, lakini lilitoka kwa Kiswahili.

"Nikimubeba mutoto, nitamuambukiza?"

Akaacha alichokuwa akifanya. "Madamu, sijui bado."

"Lini utajua?"

"Hivi vipande vinapaswa kuenda mbali. Itapita miezi."

"Miezi! Mujukuu wangu atakuwa anatembea!"

"Siwezi kukudanganya, Madamu. Dezole, unisamehe."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Binti wa watu hakuwa na kosa lolote, na ukweli wake ulikuwa wa kumheshimu, lakini mimi nilikuwa nimengoja ekipi jinsi watu wanavyongoja hukumu, na sasa hakimu alikuwa anasema hajui. Nikachukua kitambaa changu, nikafungua pazia nitoke kwa mulango wa nyuma, nisionekane na wale wa benchi.

Kwenye mulango wa nyuma nikagongana na mukwe wangu.

Alikuwa amejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, kama mutu anayekwepa wadai.

"Ayii," akasema. "Mukwe. Mimi nimekuja... kusalimia tu."

"Kusalimia nani, kwa mulango wa nyuma?"

Kabla hajapata jibu, muganga akaita kutoka ndani, kwa sauti yake ile ya haraka: "Mama wa Katindo, ingia. Kunja mikono."

Alinitazama. Hakukuwa na pa kwenda. Akaingia, na mimi nikaingia nyuma yake bila kuitwa. Akafungua vifungo vya mikono yake mirefu, kimoja kimoja, akakunja kitambaa mpaka kwenye kiwiko.

Biringanya tupu. Kutoka kwenye kifundo mpaka juu, vikubwa kuliko vyangu, vingine vimezeeka mpaka vimekuwa na mupaka mweupe.

"Mama, viko kwako tangu lini?" daktari akauliza.

Mukwe aliinamia sakafu. "Mbele mutoto azaliwe."

Mbele! Kabla yangu. Kabla Koza haijapata jina. Damu ilinipanda kichwani. Nikakiona kile kiti cha plastiki, kikombe changu cha peke yangu, chungu cha maua ambacho nilikuwa nimekihesabu kila jani.

"Na mutoto umekuwa unamubeba?" nikauliza.

"Kila siku."

"Unamuogesha?"

"Kila siku, mukwe."

"Na mimi kwenye kiti!"

Akaanza kulia, bila sauti, kama anavyofanya mambo yake yote. "Niliposikia ile jina nikaogopa," akasema. "Nikasema bakiona mikono yangu, bataniondoa kwa mutoto. Kisha weye ukafika na mikono wazi, haufichi kitu, na bote bakakuangalia weye. Nikaona kama ninakupa mutoto, bataniuliza: basi na weye, mbona unajifunika? Mukwe, sikuwa na namna. Ningekaa wapi? Kiti ni kimoja."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa, yamejipanga mulangoni. Lakini nilikuwa najua anachosema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwomba Mungu asiniponye kwa ajili ya mutoto huyo huyo. Yeye alikuwa ameomba asionekane. Nikamkasirikia, tena sana, na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na nikabaki nimesimama pale na plasta yangu.

Aliyezungumza ni daktari. Alikuwa ameacha kuandika.

"Mama, unasema mutoto umemubeba kila siku, na mikono hii, tangu azaliwe?"

"Ndiyo."

"Mumulete."

Binti yangu alimleta kesho yake. Tulikuwa wote nyuma ya lile pazia, na kwenye benchi upande wa pili palikuwa kimya, maana mama wa sambaza alikuwa amewaamuru wanyamaze apate kusikia. Daktari akamvua mutoto nguo zote. Akamwangalia kwa taa, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kati ya vidole vya miguu. Mutoto akamkojolea kwenye koti. Daktari akaendelea kuangalia.

"Hakuna kitu," akasema mwishowe. "Hata kimoja." Akanigeukia. "Madamu, huu ugonjwa ni nini, sijui, na sitasema kwamba najua. Lakini huyu mutoto amelala kwenye ngozi hii kila siku ya maisha yake, na yuko safi. Nawa mikono, funika vile viduara kwa nguo, na umubebe. Nikirudi nitamuangalia tena."

Nilikuwa nimekuja na kitenge changu, kile kilichofuliwa mpaka kikalainika. Nilikuwa nimekiweka chini ya mukoba, ili kama jibu lingekuwa baya mutu asijue kwamba nilikileta. Nikanawa.

Mukwe ndiye aliyemchukua mutoto kwa binti yangu. Mikono yake mirefu ilikuwa imefungwa vifungo tena, lakini kilemba alikuwa amekipandisha, na uso wake wote ulionekana. Akaja nyuma yangu.

"Mukwe," akasema, "inama."

Nikainama. Nikasikia vidole vyake vinatengeneza miguu ya mutoto huku na huku kiunoni kwangu, kisha uzito ukashuka mugongoni, wa moto, muzito kuliko nilivyowaza miezi ile yote. Akatandaza kitenge juu yake, akanipitishia ncha kwa mbele, nikafunga. Mutoto akahema mara moja kwenye shingo yangu, pale pale palipo na plasta, akanyamaza.

"Amelala?" muzee shofere akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Funga mudomo," akasema mama wa sambaza. Sauti yake ilikuwa na makamasi.

Kutoka Keshero mpaka Katindo nilitembea. Binti alitaka tupande moto, zile pikipiki za abiria, nikakataa. Tulipofika, baraza ilikuwa vilevile, chungu cha maua vilevile, na mukwe, akiwa mutu wa adabu, akakivuta kile kiti cha plastiki mpaka karibu kabisa na mulango, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake.

"Ikala basi, mukwe wangu. Umechoka."

Nilikuwa nimechoka kweli, magoti yananiuma. Nikamwambia akae yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa vya kutosha.